Shule za mashambani zipimwe kwa saa za matumizi, si kwa idadi ya tarakilishi

WANAFUNZI wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, ahadi ya tarakilishi haikuwa ngeni masikioni mwao. Hao ndio watoto walioingia darasa la kwanza mnamo 2017, wakati serikali ya Jubilee ilipokuwa ikisambaza tabuleti katika shule za msingi za umma. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule zaidi ya 20,000 kote nchini.

Miaka tisa baadaye, watoto hao wamekuwa vijana wa shule ya upili, na ahadi imewarudia kwa sura nyingine. Mtaala unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya nguzo saba za umilisi ambazo kila mwanafunzi anatarajiwa kuzijenga. Somo la Kompyuta limo katika mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Mwanafunzi anayemaliza shule naye hutuma maombi ya kujiunga na chuo kupitia mtandao wa KUCCPS, na maombi ya mkopo wa HELB vilevile.

Kwa mwanafunzi wa mjini, mambo hayo hayana kizungumkuti. Nyumbani kuna simu ya kisasa, na hatua chache kutoka langoni kuna saiba. Kwa mwenzake wa mashambani, ambaye hutembea kilomita kadhaa kufika shule ya kutwa iliyo karibu, maabara ya shule huenda ikawa ndiyo mahali pa pekee ambapo ataweza kuketi mbele ya tarakilishi kabla ya kutimiza miaka 18. Jinsi shule inavyoisimamia maabara hiyo ndiyo itakayoamua iwapo kijana huyo ataingia ulimwenguni akiwa sawa na wenzake au akiwa ameachwa nyuma.

Hata hivyo, kila mara suala hili linapojadiliwa, swali linaloulizwa huwa moja tu: shule ina tarakilishi ngapi? Waziri huulizwa hilo bungeni, mbunge hujigamba nalo katika hafla za hadhara, na mwalimu mkuu hulijibu katika fomu za wizara. Ni nadra kusikia mtu akiuliza iwapo mwanafunzi huzigusa tarakilishi hizo, na kwa muda gani kila wiki.

Maswali hayo mawili yana majibu tofauti kabisa.

Vifaa vimekuja kwa awamu

Mgala muue na haki yake mpe. Si kweli kwamba shule za upili za mashambani zimetelekezwa kabisa. Kwa zaidi ya miaka 20, vifaa vimekuwa vikizifikia kwa awamu na kwa njia nyingi.

Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi mnamo 2002, likikusanya tarakilishi zilizokwisha kutumika maofisini, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Mnamo 2005 mpango wa NEPAD wa shule za kielektroniki ulianza kutekelezwa katika mataifa kadhaa ya Afrika, na nchini Kenya shule sita za upili zikateuliwa kwa majaribio. Mwaka uliofuata, 2006, Wizara ya Elimu ilizindua mkakati wa kitaifa wa teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu.

Baadaye ukaja mpango wa kufufua uchumi wa serikali ya muungano ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ambao ulilenga kuzipa vifaa shule tano za upili katika kila eneobunge. Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, nayo imejenga maabara nyingi. Halmashauri ya Mawasiliano, kwa kutumia Hazina ya Huduma kwa Wote, iligharimia mradi wa kuunganisha shule za upili za umma 896 na intaneti. Aidha, upanuzi wa umeme mashambani umezifikia shule ambazo hapo awali zilitegemea taa za mafuta.

Ukitazama orodha hiyo, utadhani tatizo limekwisha. Lakini ukizuru shule nyingi za kaunti ndogo, picha utakayokutana nayo ni tofauti: chumba chenye mlango wa chuma, kufuli kubwa, pazia zilizoteremshwa na tarakilishi zilizofunikwa kwa vitambaa. Baadhi huwaka. Nyingine zimegeuka vipuri vya wenzake. Projekta imo kabatini katika afisi ya mwalimu mkuu, na hutolewa siku ya mkutano wa wazazi.

Hesabu ya shule moja

Hebu ichukuliwe shule ya mfano. Ni shule ya kutwa ya mseto, yenye Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne, kila ngazi ikiwa na mikondo miwili ya wanafunzi 48. Jumla yao ni 288. Maabara ina tarakilishi 20, na kati ya hizo 16 zinafanya kazi. Shule ya aina hii si tajiri wala si fukara kupindukia.

Wanafunzi waliochagua somo la Kompyuta ni 20 katika kila ngazi, yaani 60 kwa jumla. Wakitengewa vipindi vinne kwa wiki kila ngazi, maabara itatumika kwa vipindi 12. Iwapo wiki ina vipindi 40 vya dakika 40, basi katika vipindi 28 vilivyosalia chumba hicho kimefungwa. Wanafunzi 228 waliobaki huenda wakamaliza shule bila kuvuka kizingiti chake.

Mwalimu mkuu akiulizwa, atasema tarakilishi ni chache. Ni kweli. Lakini uchache huo si sababu ya kufunga mlango. Kila mkondo ukipewa vipindi viwili vya maabara kwa wiki, mikondo sita itahitaji vipindi 12 pekee. Wanafunzi 48 wakigawanywa katika tarakilishi 16, kila mashine itakuwa na watatu. Vipindi hivyo vikijumlishwa na vile 12 vya somo la Kompyuta, maabara itakuwa imetumika kwa vipindi 24 kati ya 40, na bado vitabaki 16 vya usafi, matengenezo na maandalizi ya walimu.

Kwa mpango huo, kila mwanafunzi atapata dakika 80 kwa wiki. Katika muhula wenye wiki 12 za masomo, hizo ni saa 16. Si nyingi, lakini zinatosha kumfundisha kijana kuandika barua, kupanga hesabu katika jedwali, kutafuta habari na kupima ukweli wake, na kujaza fomu mtandaoni bila kumlipa mtu mwingine amjazie.

Ikumbukwe kuwa shule hiyo haijaongezewa hata tarakilishi moja. Kilichobadilika ni ratiba tu.

Kwa nini kufuli hushinda

Ingekuwa rahisi kuwalaumu walimu wakuu kwa uzembe. Ukweli ni kwamba anayefunga maabara hufanya hivyo kwa sababu zenye mantiki, na sababu hizo zinafaa kueleweka kabla ya kumnyoshea kidole.

Wakaguzi wa hesabu wanapofika shuleni, huhesabu mali. Tarakilishi 20 zilizoandikwa zikipatikana zote, shule imefaulu. Moja ikikosekana, mwalimu mkuu huandika maelezo, huitwa na bodi, na huenda akatakiwa kuilipia. Tarakilishi inayotumiwa na wanafunzi 288 ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuharibika kuliko ile iliyofunikwa kwa kitambaa. Kwa hivyo, mfumo wenyewe humtuza anayefunga na kumwadhibu anayefungua.

Isitoshe, wizi wa tarakilishi shuleni si jambo la kufikirika. Shule ya mashambani mara nyingi ina bawabu mmoja, ua wa michongoma na mlango wa mbao. Mwalimu mkuu anayelala kilomita tano kutoka hapo hawezi kupuuza hatari hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shule nyingi zimeuzingatia usemi huo kwa upande mmoja tu. Zina daftari la mali: nambari ya kila tarakilishi, tarehe ilipopokelewa, jina la mfadhili. Hazina daftari la matumizi: ni darasa gani liliingia, mwalimu gani alifundisha, somo lipi, na mashine ipi ilikataa kuwaka. Bila daftari hilo la pili, mali huweza kuwepo yote na faida yake ikapotea bila habari.

Yaliyojifunzwa kwingineko

Kenya si ya kwanza kukumbwa na hali hii. Mnamo 2001, Larry Cuban, profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha kitabu kuhusu matumizi ya tarakilishi katika shule za Silicon Valley, kitovu chenyewe cha teknolojia duniani. Alibaini kuwa hata huko, ambako vifaa vilikuwa tele, walimu wengi hawakuvitumia sana darasani, na waliovitumia waliendelea kufundisha kwa mbinu zilezile za zamani.

Nchini Peru, serikali iligawa vipakatalishi kwa wanafunzi wa shule za msingi za mashambani chini ya mpango wa kipakatalishi kimoja kwa kila mtoto. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliotolewa 2012 na kuhusisha shule 319, ulionyesha kuwa baada ya takriban miezi 15 hapakuwa na dalili ya kuimarika kwa matokeo ya hisabati na lugha. Vifaa vilifika na watoto wakavitumia, lakini mafunzo ya darasani hayakubadilika.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kaunti ya Kisumu. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia kuimarisha usomaji katika madarasa ya chini. Njia ya kwanza iliwapa tabuleti maafisa wanaozuru shule kuwashauri walimu, ya pili iliwapa walimu, na ya tatu iliwapa wanafunzi vifaa vya kusomea. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa njia hizo hazikutofautiana sana katika kuwainua wanafunzi, lakini zilitofautiana sana kwa gharama. Kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikogharimu zaidi bila ya kuleta faida ya ziada inayolingana na gharama hiyo.

Ingawa tafiti za Peru na Kisumu zilihusu shule za msingi, funzo lake linaifaa shule ya upili. Kifaa hakifundishi. Kinachofundisha ni mwalimu aliyeandaliwa, mwenye ratiba, mwenye anayemfuatilia na mwenye wa kumwendea anapokwama. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza hoja inayokaribiana na hiyo, ikiyataka mataifa yajiulize kama teknolojia inafaa, kama inawafikia wote kwa usawa, kama inaweza kupanuliwa na kama inaweza kudumu.

Vigezo vya kupimia

Iwapo idadi ya tarakilishi si kipimo cha kutosha, shule ya mashambani ipimwe vipi? Yapo mambo matano ambayo bodi ya usimamizi, wazazi na maafisa wa udhibiti wa ubora na viwango wanaweza kuyachunguza kwa asubuhi moja bila kuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi.

La kwanza ni saa za matumizi kwa kila mwanafunzi. Daftari la kawaida mlangoni, linalotiwa saini na mwalimu kila kipindi, latosha. Mwisho wa muhula, hesabu ifanywe kwa kila mkondo na isomwe mbele ya bodi kama inavyosomwa taarifa ya karo. Aidha, itazamwe ni nani hasa anayeishika kipanya. Katika shule ya mseto, watatu wakikaa mbele ya mashine moja, si ajabu mvulana mmoja akaishika kipindi kizima huku wasichana wakitazama. Mwalimu makini huwabadilisha zamu kila baada ya dakika 13.

La pili ni ufunguo. Maabara ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja hufungwa kila anapokuwa safarini, mkutanini au likizoni. Shule iliyopangika ina funguo mbili, majina mawili na utaratibu wa kukabidhiana ulioandikwa. Palipo na msaidizi wa maabara aliyeajiriwa na bodi, kazi yake isiwe kulinda mlango tu, bali kuhakikisha kuwa mashine ziko tayari kabla ya kengele kulia.

La tatu ni matengenezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vumbi la kiangazi, umeme unaopanda na kushuka, na virusi vinavyoingia kupitia diski mweko huangamiza tarakilishi nyingi. Tiba zake si ghali: kufagia na kupangusa kila siku, kidhibiti umeme, programu ya kukinga virusi, na kuzima mashine kwa utaratibu badala ya kuchomoa waya. Shule inapaswa kuwa na kifungu cha matengenezo ya tarakilishi katika bajeti yake, hata kiwe kidogo namna gani. Shule isiyo na kifungu hicho imeamua, bila kusema, kuwa mashine ikiharibika ndiyo basi.

Kuna jambo moja linalohitaji kushughulikiwa kwa dharura. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa programu endeshi ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Tarakilishi nyingi kuukuu, hususan zile za msaada, haziwezi kupokea toleo la Windows 11. Hazitazimika, lakini bila ya marekebisho ya kiusalama zitakuwa windo rahisi zikiunganishwa na intaneti. Shule ina njia mbili: kuzitumia bila mtandao, au kuwekea programu endeshi huria kama vile Linux, ambayo haina malipo na huweza kwenda vyema katika mashine za zamani. Bodi ambayo haijalijadili suala hili inafaa kulijadili katika kikao chake kijacho.

La nne ni walimu. Katika shule nyingi, tarakilishi huonekana kuwa mali ya mwalimu wa Kompyuta. Yule wa Jiografia au Biolojia hujihisi mgeni humo. Hali hii haitabadilika kwa semina ya siku moja. Itabadilika mwalimu mmoja mwenye ujuzi akipunguziwa vipindi ili awasaidie wenzake, na kila idara ikitakiwa kuandaa angalau somo moja la maabara kila mwezi. Maudhui yapo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ina hifadhi ya masomo mtandaoni. Mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, programu kama vile Kolibri na Kiwix huwezesha shule kupakua mafunzo na ensaiklopidia mara moja, kisha kuyatumia bila intaneti.

La tano ni mwisho wa mashine. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ina utaratibu wa kuondoa mali iliyochakaa, na shule ya umma haiwezi kuitupa tarakilishi mbovu jaani au kumgawia mtu. Kwa kuogopa urasimu huo, walimu wakuu wengi huzirundika. Matokeo ni kwamba chumba ambacho kingekalisha darasa hugeuka ghala, na takwimu za shule huonyesha tarakilishi 40 ilhali zinazowaka ni 16. Kuorodhesha mashine zilizokufa na kuanzisha utaratibu wa kuziondoa ni sehemu ya usimamizi bora, sawa na kununua mpya.

Fedha na visingizio

Wapo watakaosema kuwa yote haya ni ndoto mahali ambapo fedha hazitoshi. Hoja yao ina uzito. Tangu 2018, mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa bajeti iliyokuwapo ingeweza kumudu takriban Sh16,900 pekee. Shule yenye wanafunzi 288 inapopungukiwa na zaidi ya Sh5,000 kwa kila mmoja, pengo linazidi Sh1.5 milioni kwa mwaka. Mwalimu mkuu anayedaiwa na muuza mahindi na kampuni ya umeme hatafikiria betri ya tarakilishi kwanza.

Lakini uhaba huo ndio unaoipa hoja ya usimamizi nguvu zaidi. Shule isiyo na uwezo wa kununua tarakilishi mpya ndiyo isiyoweza kumudu kuziacha zile chache ilizo nazo zioze. Kubadilisha ratiba hakugharimu shilingi. Daftari la matumizi halizidi bei ya kitabu cha mazoezi. Ufunguo wa pili huchongwa kwa fundi wa sokoni.

Wengine watauliza kwa nini shule isiyo na maji ya kutosha, wala maabara kamili ya Kemia, ijishughulishe na tarakilishi. Jibu ni kuwa tarakilishi hizo tayari zimo. Zilinunuliwa kwa kodi ya mwananchi au kwa hisani ya mfadhili, na kila mwaka unaopita thamani yake hupungua, zitumike zisitumike. Tangi la maji likifungwa mwaka mzima, bado litaweza kuhifadhi maji mwaka ujao. Tarakilishi iliyofungwa miaka mitano haiwi mpya siku inapofunguliwa.

Walipojifunza kwa uchungu

Machi 2020, shule zote nchini zilifungwa kutokana na janga la corona. Baadhi ya madarasa yalirejea Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wengine wakasubiri hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, wanafunzi wa shule zilizojiweza walifundishwa kwa njia ya mtandao. Wengi wa mashambani walitegemea redio, walipokuwa nayo. Walimu wao hawakuwa wamezoea kuandaa somo kwa tarakilishi, na wanafunzi hawakuwa wamezoea kulipokea. Mashine zilikuwa zimefungiwa shuleni, na wanafunzi waliostahili kuzifahamu walikuwa nyumbani.

Shule zilipofunguliwa, kila mtu alikubali kuwa funzo limepatikana. Miaka kadhaa baadaye, ni haki kuuliza ni shule ngapi zilizobadilisha ratiba zake za maabara kutokana na funzo hilo.

Wajibu wa kila mmoja

Wizara ya Elimu ndiyo yenye nguvu ya kubadilisha swali linaloulizwa. Fomu inayodai idadi ya tarakilishi iongezwe safu mbili: zinazofanya kazi ni ngapi, na kila mwanafunzi amezitumia kwa saa ngapi muhula huu. Maafisa wa udhibiti wa ubora wapitie daftari la matumizi kama wanavyopitia maazimio ya kazi ya walimu. Wakaguzi wa hesabu nao watambue kuwa kipanya kilichochakaa kwa kutumiwa na wanafunzi si ubadhirifu, na kwamba mwalimu mkuu aliyefungua maabara yake hastahili kuadhibiwa kwa kosa ambalo aliyeifunga hawezi kamwe kulitenda.

Wabunge na wahisani wanaopenda kupigwa picha wakikabidhi tarakilishi waambatanishe zawadi hizo na fedha za kuzitunza kwa miaka mitatu. Bodi za usimamizi, ambazo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imezikabidhi jukumu la kuendesha shule, ziache kuipokea ripoti ya maabara kama orodha ya samani.

Wazazi nao wasiridhike kuonyeshwa chumba siku ya mkutano. Mzazi hahitaji kujua tofauti ya programu na kifaa ili aulize swali la maana. Amuulize mwanawe: wiki hii umeingia maabara mara ngapi? Jibu likiwa sufuri, basi ajue kuwa shule hiyo, hata iwe na tarakilishi mia moja, kwa mtoto wake haina hata moja.

Mtihani wa KCSE unatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mnamo 2027, kisha shule za upili zitabaki na wanafunzi wa mtaala mpya pekee. Vijana walioahidiwa tabuleti walipokuwa na miaka sita watakuwa wakijiandaa kwenda vyuoni na kutafuta kazi. Wakati huo hakuna mwajiri wala chuo kitakachowauliza shule yao ilikuwa na tarakilishi ngapi. Wataketishwa mbele ya mashine na kuambiwa waanze kazi.